Kalenda ya Mwili na Ahadi za Wauzaji: Jinsi Mbegu za Kiume na Mayai ya Kike Yanavyopevuka

Miongoni mwa bidhaa zinazonadiwa kwa wingi masokoni, katika vituo vya mabasi, redioni na katika makundi ya simu ni zile zinazoahidi kuleta mtoto. Ipo chai ya kusafisha kizazi, ipo asali ya kuongeza mbegu za kiume, vipo vidonge vya kurutubisha mayai, na ipo hata dawa ya kuchagua jinsia ya mtoto. Wanaozinunua ni watu waliosubiri kwa muda mrefu, wanaoulizwa maswali na ndugu kila sikukuu, na ambao wako tayari kutoa akiba yao yote ili wajaribu tena. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na wauzaji wasio waaminifu wanalifahamu hilo vizuri.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hupata ugumba wakati fulani maishani mwake. Ugumba, kwa maana ya kitabibu, ni kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga.

Katika makala haya tunaeleza jinsi seli za uzazi zinavyoundwa na kupevuka. Tunafanya hivyo kwa sababu mwili una kalenda yake, na mtumiaji anayeifahamu kalenda hiyo anaweza kuipima ahadi ya muuzaji kabla ya kufungua pochi.

Seli zenye nusu ya urithi

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, yaani vifurushi 46 vya maelekezo ya urithi. Kromosomu hizo hupangika katika jozi 23: katika kila jozi moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba. Seli za kawaida, kama zile za ngozi, hujigawa na kutoa nakala zenye kromosomu 46 zilezile.

Seli za uzazi hufuata njia tofauti. Hujigawa mara mbili mfululizo katika hatua iitwayo meiosisi, na mwisho wake kila mbegu au yai hubaki na kromosomu 23 tu. Mbegu na yai vinapoungana, idadi hurudi kuwa 46 na mtu mpya huanza. Kabla ya mgawanyo huo, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande. Ndiyo sababu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufanana bila kuwa sawasawa.

Kwa mwanamume, seli moja inayoingia katika meiosisi hutoa mbegu nne. Kwa mwanamke, seli moja hutoa yai moja tu. Sehemu nyingine hubaki kuwa vijiseli vidogo visivyo na kazi ya uzazi, ili yai libaki na chakula chote cha kuanzia maisha. Yai lililopevuka lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na linakaribia kuonekana kwa macho matupu. Mbegu ya kiume haionekani bila hadubini.

Jambo moja la mgawanyo huu linagusa soko moja kwa moja. Kila yai hubeba kromosomu ya X. Mbegu za kiume hubeba ama X ama Y, kwa takriban nusu kwa nusu. Jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu iliyofika, na hakuna chai wala unga unaokunywewa na mama unaoweza kubadili jambo hilo. Anayeuza dawa ya kupata mtoto wa kiume ana nafasi ya karibu nusu ya kuonekana mkweli bila kufanya kazi yoyote. Vilevile, mama anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa jambo lisilotoka kwake.

Mayai: akiba iliyowekwa kabla ya kuzaliwa

Mtoto wa kike huwekewa akiba yake ya mayai akiwa bado tumboni mwa mama yake. Seli za mwanzo za uzazi hujitokeza katika wiki za kwanza za mimba, husafiri hadi mahali ovari zitakapokuwa, kisha huongezeka kwa kasi. Kufikia takriban wiki ya 20 ya mimba, kijusi cha kike huwa na seli za mayai zipatazo milioni 6 hadi 7.

Tangu hapo hesabu hushuka. Msichana anapozaliwa hubakiwa na mayai milioni 1 hadi 2. Anapobalehe hubakiwa na takriban 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote ya uzazi ni mayai 400 hadi 500 tu yatakayopevuka na kutoka katika ovari. Mengine hunyauka kidogo kidogo, na mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi hubakiwa na mayai yasiyozidi takriban elfu moja.

Mayai hayo huanza meiosisi kabla msichana hajazaliwa, kisha husimama katikati. Husubiri hivyo kwa miaka mingi. Yai linalopevuka mwanamke akiwa na umri wa miaka 38 limesubiri kwa zaidi ya miaka 38. Linapoitwa ndipo linapokamilisha mgawanyo wake wa kwanza, na mgawanyo wa pili hukamilika pale tu mbegu inapoingia. Kusubiri huko kunaeleza kwa nini umri una uzito mkubwa: kadiri yai linavyozeeka, ndivyo makosa ya kugawa kromosomu yanavyoongezeka. Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni takriban 1 kati ya 1,200 kwa mama wa miaka 25, lakini hufikia takriban 1 kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Mimba kuharibika nako huongezeka.

Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake katika ovari. Mayai hayasubiri mwanzo wa mwezi ili yaanze kukua: safari ya kifuko kutoka usingizini hadi kupevuka huchukua miezi mingi, na hatua zake za mwisho peke yake huchukua takriban miezi mitatu. Kila mwezi kundi la vifuko hufikia hatua ya mwisho; kwa kawaida kimoja hushinda na kutoa yai, na vingine vyote hunyauka. Yai lililotoka huishi kwa saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku zenye uwezekano wa mimba ni chache katika kila mzunguko: zile tano zinazotangulia yai kutoka, pamoja na siku yenyewe.

Kutokana na maelezo haya, mtumiaji anaweza kufikia maamuzi matatu.

Kwanza, hakuna bidhaa iliyothibitishwa inayoongeza idadi ya mayai ya mwanamke. Lebo inayoahidi hivyo inaahidi jambo ambalo hata hospitali kubwa haziwezi kulitenda.

Pili, vidonge vya uzazi wa mpango havimalizi mayai wala haviyaharibu. Huzuia yai kutoka, na akiba huendelea kupungua kwa kasi yake ya kawaida. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha kurejea kwa upevushaji kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa, lakini haileti ugumba wa kudumu. Mwanamke hana haja ya kununua dawa ya kusafisha kizazi kwa sababu tu aliwahi kutumia njia hizo.

Tatu, dawa halisi za kupevusha mayai, kama klomifeni, hazitengenezi mayai mapya. Huusukuma ubongo uongeze homoni zinazoamsha vifuko vilivyokwisha kuwapo. Humfaa mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki kwa utaratibu. Hazimsaidii ambaye mirija yake ya uzazi imeziba. Zinaweza kuleta mimba ya mapacha au zaidi, na mara chache huvimbisha ovari kwa namna ya hatari. Kwa sababu hiyo dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari, na anayeziuza bila cheti humweka mnunuzi hatarini.

Mbegu za kiume: kazi ya miezi mitatu

Mwanamume haanzi maisha na akiba ya mbegu zilizokamilika. Huanza na seli mama, na zile hulala hadi balehe. Tangu balehe, korodani hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku, na kazi hiyo huendelea hadi uzeeni, ingawa ubora hupungua kadiri umri unavyosonga.

Kazi hufanyika katika vijirija vyembamba vilivyojikunja ndani ya korodani. Seli mama hujigawa. Mojawapo hubaki kuwa mbegu ya kesho, na nyingine huingia katika meiosisi. Baada ya hapo seli ya duara hubadilika umbo: huota mkia, hukusanya kichwani mzigo wa urithi, na huacha karibu kila kitu kisichohitajika safarini. Hatua zote hizi huchukua takriban siku 64 hadi 74. Kisha mbegu hupita katika mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani uitwao epididimisi, ambamo hukaa takriban wiki mbili na kupata uwezo wa kuogelea na kurutubisha yai. Jumla yake ni miezi miwili na nusu hadi mitatu.

Kazi hii hutaka ubaridi. Korodani huning'inia nje ya tumbo kwa sababu mbegu hutengenezwa vema katika joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Homa kali inaweza kupunguza mbegu, na upungufu huo huonekana wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kuoga maji ya moto sana mara kwa mara, kuvuta sigara na kunywa pombe kupita kiasi navyo huathiri mbegu.

Kalenda hii inatupa kipimo rahisi. Bidhaa inayoahidi kuongeza mbegu zilizopevuka kwa siku 3 au 7 inadai kuharakisha kazi ambayo mwili huifanya kwa takriban miezi mitatu. Mbegu zinazotoka leo zilianza kutengenezwa majira yaliyopita. Hata tiba ya kweli iliyoandikwa na daktari hupimwa matokeo yake baada ya miezi mitatu, na si kabla.

Homoni: amri zinazotoka kichwani

Ovari na korodani hazifanyi kazi kwa kujiamulia. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo iitwayo pituitari, yenye ukubwa unaokaribia ule wa punje ya njegere. Tezi hiyo hutoa homoni mbili zinazosafiri katika damu na kuziamuru ovari zipevushe mayai na korodani zitengeneze mbegu. Ovari na korodani nazo hutoa homoni zao, ambazo humrudishia ubongo taarifa kwamba kazi inaendelea.

Hapa ndipo penye hatari ambayo wanaume wengi hawaifahamu. Testosteroni ni homoni ya kiume, na katika baadhi ya kumbi za mazoezi huuzwa sindano na vidonge vyake kwa ajili ya kujenga misuli au kuongeza nguvu. Testosteroni ya dukani inapojaa katika damu, tezi hudhani korodani zimekwisha kutoa za kutosha, na huacha kutuma amri. Korodani hutulia, na mbegu hupungua hadi pengine zisionekane kabisa. Nguvu ya dawa hiyo ya kuzima mbegu ni kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya majaribio ya sindano za testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Kwa wengi mbegu hurejea baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Mwanamume anayetafuta mtoto asitumie testosteroni bila kumweleza daktari nia yake.

Tofautisha pia nguvu za kiume na mbegu za kiume. Dawa inayosaidia kusimamisha uume haiongezi mbegu. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali, ikiwemo Marekani, zimekuta bidhaa zilizoandikwa kuwa ni za mimea mitupu zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti anaweza kushukiwa ghafla na shinikizo la damu na kupoteza maisha kwa sababu ya kiambato ambacho hakuambiwa kuwa kimo.

Kwa nini ushuhuda huonekana kuwa wa kweli

Watumiaji wengi hutuuliza: mbona fulani alitumia na akapata mtoto? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kalenda ileile.

Kati ya wenzi 100 wanaotafuta mimba kwa utaratibu, zaidi ya 80 hufanikiwa ndani ya mwaka mmoja. Kati ya wale wasiofanikiwa, takriban nusu hufanikiwa katika mwaka wa pili bila tiba yoyote. Basi muuzaji akiwauzia chai wenzi 10 waliosubiri mwaka mmoja, baadhi yao watapata mimba katika mwaka unaofuata, na hao ndio watakaosikika redioni. Waliokosa hubaki kimya nyumbani.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwanamume aliyeugua homa kali mwezi Machi. Akipimwa mwezi Aprili anaweza kukutwa na mbegu chache. Akinunua asali ya dawa mwezi Mei na kupimwa tena mwezi Julai, mbegu zake huenda zikawa zimeongezeka. Asali itasifiwa, ilhali kilichotokea ni kwamba mbegu zilizotengenezwa baada ya homa zimekamilisha safari yao.

Gharama ya kuamini ushuhuda haiishii katika fedha. Mwanamke mwenye mirija iliyoziba kutokana na kisonono au klamidia anapotumia mwaka mzima kunywa dawa za kusafisha kizazi, mirija haizibuki, na mayai yake yamezeeka kwa mwaka mmoja. Fedha inaweza kutafutwa tena. Mwaka huo hauwezi kurudishwa na mamlaka yoyote.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kununua bidhaa yoyote inayohusu uzazi, tunakushauri uulize yafuatayo:

1. Bidhaa hii inafanya kazi gani hasa: kupevusha mayai, kuongeza mbegu, kutibu maambukizi, au yote kwa pamoja? Bidhaa inayodai kutibu kila kitu, kuanzia mirija iliyoziba hadi mbegu dhaifu, ina uwezekano mkubwa wa kutotibu chochote.
2. Matokeo yanatarajiwa baada ya muda gani? Linganisha jibu na kalenda iliyoelezwa hapa.
3. Viambato vyake ni vipi, na kila kimoja ni kiasi gani? Jina la mti peke yake au maneno "siri ya babu" hayatoshi.
4. Imesajiliwa wapi? Dawa za kisasa husajiliwa na mamlaka ya udhibiti wa dawa ya nchi. Kwa Tanzania Bara, tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.
5. Je, utapewa risiti yenye jina na anwani ya muuzaji? Muuzaji anayeogopa kuandika jina lake anajua kwa nini anaogopa.

Hatua zenye manufaa

Wenzi waliotafuta mimba kwa miezi 12 bila mafanikio waende kituo cha afya. Ikiwa mwanamke ana umri wa miaka 35 au zaidi, wasingoje zaidi ya miezi 6. Ikiwa hedhi inapotea, au mmoja wao aliwahi kuugua magonjwa ya zinaa au kufanyiwa upasuaji wa nyonga, waende mapema zaidi.

Waende wote wawili. Upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya matatizo ya kupata mimba, na kipimo cha manii ni miongoni mwa vipimo vyepesi kuliko vyote: hakihitaji sindano wala upasuaji. Mpimwaji hutakiwa kukaa bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7 kabla yake. Matokeo yakiwa hafifu hurudiwa, kwa kuwa hesabu ya mbegu hupanda na kushuka. Ni dhuluma kumzungusha mke katika vipimo na dawa kwa miaka mitatu kabla mume hajapimwa hata mara moja.

Tibuni mapema magonjwa ya zinaa, nyote wawili kwa wakati mmoja. Acheni tumbaku, kwa mwanamke uvutaji huharakisha ukomo wa hedhi. Mwanamke anayetarajia mimba anashauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya mimba, ili kumkinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo na ubongo.

Ukikutana na bidhaa isiyo na lebo kamili, au ukipata madhara baada ya kutumia dawa yoyote, iwe ya kisasa au ya asili, hifadhi chupa, pakiti na risiti, kisha toa taarifa katika kituo cha afya au ofisi ya udhibiti wa dawa iliyo karibu nawe. Huhitaji kuona aibu, wala huhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Kazi ya kuchunguza ni yetu. Tunachokuomba ni utuletee ushahidi kabla haujatupwa.